Kompyuta Ikizima Yenyewe, Pima Kabla ya Kupuliza

Wateja wengi wanaoniletea kompyuta za mezani hapa Luthuli Avenue, Nairobi, huja na jibu tayari: "Fundi, inapata moto halafu inazima." Pengine ni kweli. Ila pawa saplai iliyochoka, lile boksi linaloipa kompyuta umeme, huonyesha dalili zilezile, na unaweza kupuliza vumbi mwaka mzima usione nafuu.

Joto lina tabia yake. Prosesa za siku hizi, yaani chipu kuu inayofanya kazi zote, zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi kwanza, na kuzima ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo utasikia feni ikivuma, kurasa zitachelewa kufunguka, ndipo kioo kiwe cheusi. Ukiiwasha papo hapo, itazima mapema zaidi ya mara ya kwanza kwa sababu bado ina moto. Pawa saplai mbovu haipigi hodi. Inakata tu, hata asubuhi mashine ikiwa baridi, na hasa kazi nzito inapoanza.

Mashine nyingine hukuambia zenyewe. Dell OptiPlex nyingi zikiwaka huonyesha ujumbe kwamba zilizimwa na joto. HP Compaq za ofisini, zile za mtumba zilizojaa mjini, hupepesa taa nyekundu mara 2, zinatulia, kisha zinarudia. Ile Kernel-Power 41, ujumbe wa hitilafu kwenye kumbukumbu za Windows, isikubabaishe: inasema tu mashine ilikatika bila kufungwa, haisemi kwa nini.

Kisha pima. Weka HWiNFO au Core Temp, programu za kusoma joto. Mashine ikiwa imetulia, nyuzi 35 hadi 50 ni kawaida. Kwenye kazi nzito, 70 hadi 85 hazinitishi. Ikiruka hadi 95 na zaidi ndani ya dakika moja, chukua bisibisi. Ikizima ikiwa kwenye 60, achana na vumbi.

Ukifungua, usidanganyike na feni safi. Vumbi baya hujificha chini yake, kwenye mapezi ya hitisinki, lile pande la alumini linalokalia prosesa. Toa feni uone. Kwa saiba iliyopakana na kibanda cha chipsi, mvuke wa mafuta hushikana na vumbi la Januari na Februari mpaka mapezi yanavaa blanketi. Hilo halitoki kwa upepo. Linataka brashi na spiriti. Kwa vumbi kavu, puliza ukiwa umeishika feni kwa kidole isizunguke ovyo ikaharibu beringi.

Kisha pesti, ule uji unaopitisha joto kutoka prosesa hadi hitisinki. Mtumba wa miaka 8 au 10 mara nyingi bado una pesti ya kiwandani, imekauka kama chaki. Washa mashine dakika chache pesti ilainike, zima, chomoa waya, halafu zungusha hitisinki taratibu kabla ya kuinyanyua. Kwa AMD za soketi ya AM4 usivute kwa nguvu, maana prosesa hutoka nayo na pini zikapinda. Pangusa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya tone la ukubwa wa dengu, basi. Wanaopaka kama siagi wanachafua ubao tu. Kwenye Intel angalia pia vile vishikizo 4 vya plastiki: kimoja kikilegea, hitisinki inainama, na joto hupanda ndani ya sekunde.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa na hubeba joto pungufu kidogo, lakini baridi ya Julai hutufidia.

Kuacha kasha wazi na kuelekezea feni ya mezani ni kipimo kizuri, si tiba. OptiPlex nyingi zina mfereji wa plastiki unaoelekeza hewa kwenye hitisinki. Ukiacha ubavu wazi, hewa inapotea njia.

Ikiwa nyuzi ziko sawa na bado inazima, jaribu pawa saplai nyingine iliyo nzima. Ya zamani usiifungue, kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Na kabla hujanunua, tazama plagi ya kwenye ubao mama: Dell na HP nyingi hazitumii ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo beba ya zamani mkononi ukailinganishe dukani.