Mpira wa mkojo ukipitiliza tarehe: maswali ninayoulizwa kila kliniki

Kazi yangu ni kubadilisha mipira ya mkojo, ile mirija inayoingizwa kwenye kibofu ili kutoa mkojo. Wengi ninaowahudumia ni wazee wenye tatizo la tezi dume, wengine wamepata kiharusi au wameumia uti wa mgongo. Wengi wao huletwa wamechelewa, na karibu wote walishameza dawa za dukani kabla ya kufika.

Baba amewekewa mpira huu ni mwezi wa nne, na mkojo unatoka vizuri. Ubadilishwe wa nini?

Ubadilishwe kwa sababu muda wake uliisha zamani. Mpira wa lateksi, ule wa rangi ya njano iliyokolea, haupaswi kupita wiki 4. Wa silikoni, unaopitisha mwanga, mwisho wiki 12. Mkojo kutoka si kipimo. Tazameni tarehe.

Kuna nini ndani ya mpira uliokaa sana?

Utando wa bakteria. Ni bakteria walioacha kuogelea kwenye mkojo, wakang'ang'ania ukuta wa mpira na kujifunika ute wanaoutengeneza wenyewe. Nikiuchomoa mpira wa miezi minne, ncha yake inateleza kama bamia, na chini ya utelezi huo kidole kinakuta chembe ngumu kama mchanga. Chembe hizo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Proteus: anavunja urea, taka ya mwili iliyomo kwenye mkojo, chumvi zinaganda, mpira unaziba.

Bakteria anajuaje wakati wa kujenga utando?

Tumchukue E. coli, bakteria wa utumbo ambaye ni mgeni wa kila siku kwenye mipira hii. Ili atengeneze gundi ya utando, maelekezo ya jeni zake hunakiliwa kwanza kwenye RNA, kisha ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya bakteria, inaisoma nakala hiyo na kuunda vimeng'enya vya kutengeneza gundi. Hapo katikati yupo mlinzi: protini iitwayo CsrA, ambayo kazi yake ni kushika RNA. Inaikamata nakala ya gundi mahali sita karibu na mwanzo wake, ribosomu inakosa pa kuanzia, gundi haitoki, na bakteria anaendelea kuogelea.

Mazingira yakibadilika, bakteria hutoa RNA ndogo mbili, CsrB na CsrC. Hizi hazibebi maelekezo ya protini yoyote, zinamteka mlinzi. CsrB moja inaweza kubeba CsrA zipatazo 18. Mlinzi akitekwa, nakala inabaki wazi na ujenzi unaanza. Pseudomonas, bakteria mwingine, naye ana protini ya ukoo huohuo, RsmA, inayozuia utando kwa njia inayofanana na hiyo.

Ninaeleza yote haya ili mwone kwamba utando si uchafu uliojikusanya. Bakteria wanaujenga kwa mpangilio, na duka la dawa halina kidonge kilichotengenezwa kuuvuruga mpangilio huo.

Homa ikianza tunampa sipro, vidonge vya kuua bakteria, inashuka. Si amepona?

Hajapona. Dawa imewapunguza bakteria wanaoogelea kwenye mkojo, ndiyo maana homa imeshuka. Waliomo ndani ya utando wanaweza kuvumilia dawa mamia ya mara, hata mara 1,000, kuliko wale wa nje. Baada ya siku chache wanatoka tena, na nyie mnarudi dukani kununua vidonge vinne vingine. Mnaita UTI sugu. Ni mpira ule ule!

Na kuna ubaya zaidi. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba dozi hafifu za dawa za kuua bakteria za kundi la gentamisini ziliwafanya E. coli na Pseudomonas wajenge utando mwingi zaidi. Kwa hiyo nawaomba, acheni kununua nusu dozi.

Na tukimchoma sindano kali, mpira ukabaki?

Hapana. Mpira ubadilishwe. Ukiwa umezidi wiki 2 na mgonjwa ana maambukizi, unatolewa kwanza, unawekwa mpya, mkojo wa kuotesha maabara unachukuliwa kwenye mpira mpya, ndipo dawa inaanza. Mkojo uliochotwa kwenye mfuko hautufai.

Mkojo unanuka, lakini hana homa wala maumivu. Tumpe dawa?

Msimpe. Karibu kila aliyekaa na mpira mwezi mzima ana bakteria kwenye mkojo. Bila dalili hatibiwi. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu. Na tafadhali, msipitishe spiriti wala maji ya chumvi ndani ya mpira. Nimeshayaona yote mawili.

Umeziba saa nne usiku. Tusubiri kupambazuke?

Hapana, msisubiri. Tumbo la chini likijaa na kuuma, au mgonjwa akitetemeka kwa homa, au akianza kuongea yasiyoeleweka, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Msiuvute mpira wenyewe. Ndani ya kibofu kuna puto lililojazwa maji, litamchana.

Hilo la kuongea yasiyoeleweka ndilo linalonisumbua zaidi. Mtoto ananiambia, "Sista, tulidhani ni uzee tu." Mzee aliyekutambua jana na leo anakuita jina la marehemu kaka yake, huo si uzee wa usiku mmoja. Maambukizi yanaweza kuwa yameingia kwenye damu. Mleteni, na mje na kadi yenye tarehe aliyowekewa mpira.