Chembe moja ndani ya EJ20

Injini ya kwanza ya Subaru niliyoifunga mwenyewe, hapa nyumbani Kireka, pembeni mwa Kampala, iliishi wiki tatu. Ilikuwa EJ20 ya Impreza WRX. Beringi mpya, ringi mpya, gasketi mpya, kila bolti kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Nikaona nimeshahitimu. Halafu jioni moja, napanda mlima na gia ya tatu, nikaisikia tena sauti ile ile iliyonifanya niifungue mwanzoni: ko, ko, ko, inafuata mguu wangu kwenye eksileta.

Nilipoifungua, beringi zilikuwa na mistari kama sahani ya santuri. Kosa halikuwa la kufunga, lilikuwa la kuosha. EJ20 ya turbo ina kipoza oili kidogo, kinakaa pale filta inapofungwa. Injini iliponoki, yaani ilipogonga hivyo, mara ya kwanza, unga wa beringi ulikimbilia humo. Mimi nilikimwagia petroli, nikakipuliza, nikajiambia kimetakata. Hakitakati kile, ndani kuna vinjia vyembamba ambavyo jicho halifiki. Injini ikishakula beringi, kipoza hicho kitupe, nunua kingine. Pampu ya oili nayo ifungue, na mabomba ya turbo uyapitishie hewa mpaka uchoke.

Basi siku hizi kijana akija kuniuliza anunue spea gani, namuuliza kwanza: unajua kilichoiua? EJ ina silinda nne zilizolala, mbili huku mbili kule, na krenki yake, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ni fupi, kwa hiyo beringi za mikono, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, ni nyembamba. Ikipungukiwa oili, kwenye kona kali oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa. Dakika haiishi. Wengi wetu tunaangalia kijiti cha oili siku ya sevisi tu.

Kuifungua kwenyewe kunawachanganya waliozoea injini za Toyota. Bloku ya EJ ni nusu mbili zinazobana krenki katikati kama mkate na nyama. Huwezi kuzitenganisha pistoni zikiwa bado zimefungwa kwenye mikono yake. Unatoa vizibo mwishoni mwa bloku, unazungusha krenki taratibu mpaka pini ya pistoni itokee kwenye tundu, unaingiza koleo nyembamba, unatoa klipu, ndipo unaivuta pini. Kurudisha ni safari hiyo hiyo kinyumenyume, na klipu ikikuponyoka ikaangukia ndani, kaa chini unywe chai kwanza. Mimi imenitokea, nikaitafuta kwa sumaku na tochi mpaka adhana ya magharibi.

Krenki niliipeleka Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, kwa fundi wa lethi, mashine ya kuchonga chuma, mzee mmoja asiyependa haraka. Niliifunga kwenye gunia, nikapanda nayo boda. Aliponiona akatikisa kichwa: "Ssebo (bwana), krenki si matooke (ndizi)." Shingo za mikono, sehemu za krenki mikono inapofungwa, kwenye EJ20 ni 52 mm zikiwa mpya. Yangu ilikuwa na mikwaruzo, akaichonga 0.25 mm, nikanunua beringi za saizi hiyo. Kitu cha kumkumbusha fundi yeyote wa lethi: ule mviringo mdogo shingo inapokutana na ukuta wa krenki usikatwe ukawa kona. Ukifanywa kona, ufa utaanzia hapo.

Usiamini kilichoandikwa kwenye boksi la beringi. Pima. Mimi natumia uzi wa nta unaouzwa kwa kazi hii. Unafuta oili yote, unalaza kipande juu ya shingo, unafunga kifuniko cha mkono kwa nguvu iliyoandikwa, halafu unafungua bila kuzungusha krenki hata kidogo. Uzi utakuwa umebanwa kama utepe. Unaulinganisha na kipimo kilichochapwa kwenye karatasi yake: ukiwa mpana, nafasi ni ndogo, ukiwa mwembamba, nafasi ni kubwa. Nafasi ya mikono inatakiwa iwe kama 0.02 hadi 0.045 mm. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Sasa fikiria chembe ya vumbi la murramu, udongo mwekundu wa barabara zetu, ikiingia humo.

Ndiyo maana bloku yangu ililala ndani ya chandarua, juu yake shuka safi. Mke wangu alicheka, halafu akauliza chandarua kile ni cha nani. Kilikuwa cha wageni. Asubuhi namwaga maji uani kabla ya kugusa chochote, na siku ya upepo sifungi injini, napanga bolti.

Hedi, vile vichwa vya silinda vyenye valvu, sina mengi. Zipelekwe zikasawazishwe, valvu zisagwe, gasketi ziwe za chuma. Bolti zake zinakazwa, zinalegezwa, zinakazwa tena, kisha mwisho unazizungusha digrii 80 hadi 90, mara mbili. Anayekuambia "kaza mpaka mkono uhisi" mpe soda aende zake.

Kuna watakaosema nenda Kisekka, soko la spea Kampala, ukanunue injini iliyotoka Japani, umalize. Kwa gari la kazi nakubaliana nao kabisa. Lakini injini ile nayo hujui imelala na nini ndani.

Siku ya kuwasha, plagi zilikuwa nje na petroli imekatwa. Nilipiga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazima, ndipo nikarudisha plagi. Iliwaka mara ya pili. Niliiacha ingurume dakika ishirini, nikamwaga oili yote, nikaikata filta kwa kikatio chake na kuitandaza karatasi yake juani. Niliona vumbi la kijivu la ringi mpya, laini kama poda. Nikapitisha sumaku, nikapitisha kidole. Hapakuwa na kitu kinachong'aa rangi ya shaba, dalili ya beringi kulika.

Chandarua nimekifua, lakini wageni bado hawajarudishiwa.