Hakuna "mtoto wa kusikia"

Wiki iliyopita nilikaa dawati la nyuma, darasa la nne, kumkagua mwalimu tarajali akifundisha hesabu za sehemu. Andalio la somo lilikuwa safi, ila katikati ya ukurasa alikuwa amechora safu tatu: wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia, kwa kutenda. Watoto zaidi ya 80 kawagawa hivyo. Wa kuona walipewa mchoro kwenye manila, wa kutenda karatasi za kukunja, na wa kusikia wakaelezwa kwa mdomo tu robo tatu ni nini. Kwa mdomo tu! Sehemu!

Muhula huu ni mara ya nne nakutana na safu hizo, na jibu ni lile lile: "Madam, si ndiyo saikolojia yenyewe?"

Siyo. Kila mtu ana anachopenda, mmoja kusikiliza, mwingine kuchora, na hilo sina ugomvi nalo. Dai lenyewe ni jingine kabisa: kwamba mtoto akifundishwa kwa njia anayoipenda ataelewa zaidi. Dai hilo linapimika. Chukua "wa kuona" na "wa kusikia", kila kundi uligawe nusu kwa nusu kwa kura, nusu wafundishwe kwa picha, nusu kwa maneno, kisha wote wafanye mtihani mmoja. Kama dai ni kweli, wa kuona watang'ara kwenye picha na wa kusikia kwenye maneno. Mwanasaikolojia Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za dai hilo mwaka 2008. Zilizopima hivyo walizikuta chache mno, na kadhaa kati yake zililikanusha dai waziwazi.

Njia huamuliwa na kinachofundishwa. Ramani lazima ionekane, matamshi ya "dhahabu" lazima yasikike. Robo tatu inataka jicho, mkono na maneno ya mwalimu kwa pamoja, kwa kila mtoto.

Kilichoniuma zaidi ni kijana mmoja wa kundi la kusikia. Nilipouliza kwa nini yuko huko, mwalimu akasema, "Haangalii ubaoni, lakini ukimuuliza anajibu." Baada ya kipindi nikamwita mtoto, nikamwomba anisomee tarehe ubaoni. Akasogea. Akasogea tena. Alipobakiza hatua tatu kuufikia ubao ndipo akasoma. Mtoto haoni mbali, na sisi tumempachika jina la kitaalamu na mchoro tumemnyima.

Wala tusidhani ni vyuo vyetu peke yake. Mwaka 2012 mtafiti Dekker na wenzake waliwauliza walimu wa Uingereza na Uholanzi, na zaidi ya 90% waliliamini dai hili.

Nina shaka yangu pia. Mwaka mmoja nililivunja dai hili darasani kwa nguvu zote, kisha nikamfuata mwanachuo wangu mmoja kwenye mazoezi ya kufundisha nikamkuta na chaki na mdomo, zana hana hata moja. Ile imani potofu ndiyo iliyokuwa ikimfanya akeshe usiku akikata manila. Niliiondoa bila kuweka kitu mahali pake, na sijui ni wangapi wengine walitoka kwangu hivyo.

Siku hizi nawaambia wafute zile safu tatu na waandike jambo moja: watoto watakwama wapi? Kwenye sehemu, wengi hushikilia kwamba moja ya nane ni kubwa kuliko robo, kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Zana itafutwe kwa ajili ya kosa hilo.

Alhamisi darasa zima lilikunja karatasi. Kijana wetu yuko dawati la mbele sasa. Alikunja mara mbili, akakunja ya tatu, akaifungua, akahesabu vyumba kwa kidole, kisha akamwambia jirani yake, "Vimekuwa vingi, lakini vidogo." Barua ya kuomba apelekwe kupimwa macho imeshaenda nyumbani. Bado tunasubiri majibu.