Frilansi au kuajiriwa? Hesabu mbovu tunazopigiana vijana wa teki Mombasa

Hii mada ukienda Swahilipot, kile kituo cha vijana wa teki, utaikuta, ukikaa barazani Mji wa Kale utaikuta, na maneno ni yale yale. Wacha niyaseme yalivyo, manake kuna watu wanaacha kazi kwa hesabu mbovu na wengine wanakataa kazi nzuri kwa uoga tu.

Dhana kubwa kabisa ni hii, ati frilansa, yaani anayejitafutia kazi za wateja (klayenti) mwenyewe, lazima ampite aliyeajiriwa kwa pesa. Mtu anaona dola 20 kwa saa, anazidisha mara saa 8 mara siku 22, anapata dola 3,520, kichwani ashahamia Nyali kwa matajiri. Ukweli ni kwamba saa nane hizo hulipwi zote: kusaka klayenti, kuandika propozo, kupigiana simu kabla kazi haijaanza, kukimbizana na invoisi, hayo yote ni muda wako wa bure. Tuseme unalipwa saa 4 kwa siku, siku 20, hiyo ni dola 1,600. Kama umepitia Fiverr, lile soko la kazi la mtandaoni, wanachukua 20% yao zinabaki 1,280, na kwa kawaida zinakaa siku 14 baada ya kazi kukamilika ndio uzitoe, halafu kuna makato ya kugeuza dola mpaka iingie M-Pesa. Stima, faiba, laptopu ikifa, yote juu yako.

Sasa weka payslipu kando yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka na mshahara wake uko pale pale, miezi mitatu kwa mama aliyejifungua, wiki mbili kwa baba, na mwajiri anamwekea NSSF, akiba ya uzeeni, sawa na anachokatwa yeye. Wewe frilansa malaria ikikulaza wiki, wiki hiyo ni sufuri. Sisemi frilansi ni mbaya, la hasha, kuna watu imewajengea nyumba. Nasema linganisha kinachobaki mkononi, usilinganishe dola za kwenye skrini.

"Kazi ya kuajiriwa ina usalama." Usalama gani? Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza watu 12,000 na hao walikuwa na kazi za ndoto. Hapa kwetu kampuni ikikupunguza, sheria inadai notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza, yaani ukiwa na miaka miwili unapata mshahara wa siku 30. Mwenye klayenti wanne akipoteza mmoja bado anao watatu.

Ati frilansa halipi kodi? Analipa. Ritani za KRA, wale wa ushuru, mwisho ni Juni 30, pesa iwe ya dola ama ya shilingi, na SHIF, bima ya afya ya serikali, unachangia pia, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Tenga pesa hiyo kila malipo yakiingia, usingoje Juni uanze kuomba mkopo.

Na hii ya "nitakuwa bosi wangu", klayenti wa San Francisco akianza kazi saa tatu asubuhi yake huku kwetu ni saa moja usiku ama saa mbili, wenzako wako Mama Ngina ufuoni wanakula mihogo ya kukaanga wewe uko kwenye mkutano wa kazi.

Lakini inayoniuma zaidi ni hii ya kampuni kumwita kijana kontrakta, yaani mtu wa kandarasi asiye mwajiriwa, halafu inampangia saa za kuingia na kutoka, inamkataza klayenti mwengine, likizo hakuna, NSSF hakuna. Watu wanadhani karatasi ikishasema kontrakta basi imekwisha. Haijakwisha, mahakama za ajira huangalia uhusiano wenyewe ulivyo, sio jina mlilouita. Kwa hivyo kabla ya kusaini uliza nani anapanga saa zako na kama unaruhusiwa klayenti mwengine, na barua na meseji zote za kazi weka.