Elektroni Haizunguki Kiini Kama Sayari

Mchoro wa atomu uliozoeleka shuleni huonyesha elektroni zikizunguka kiini kama sayari zinavyolizunguka jua. Mchoro huo unafaa kwa kuhesabu elektroni, lakini kuhusu mwendo wake unapotosha, na sisi tunaofundisha fizikia tunastahili sehemu ya lawama kwa kuuacha ukazoeleka hivyo.

Mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie alieleza kwamba kila chembe ina wimbi lake, na kadiri kasi ya elektroni inavyoongezeka, ndivyo urefu wa wimbi hilo unavyopungua. Uthibitisho ulitokana kwa kiasi fulani na ajali iliyotokea New York mwaka 1925, pale chupa ya hewa iliyogeuzwa kimiminika ilipolipuka katika maabara ya wanafizikia Clinton Davisson na Lester Germer, na kipande cha nikeli walichokuwa wakikichunguza kikapata tabaka la oksidi. Walipokipasha moto mkali ili kukisafisha, fuwele zake ndogo ziliungana zikawa chache na kubwa, zenye atomu zilizojipanga kwa safu. Kufikia mwaka 1927, wakitumia fuwele moja ya nikeli na elektroni zilizosukumwa kwa volti 54, waliona elektroni zikirudi kwa wingi katika pembe ya nyuzi 50, kama ambavyo wimbi lenye urefu wa takriban nanomita 0.17 lingefanya.

Jaribio la Akira Tonomura na wenzake nchini Japani, lililochapishwa mwaka 1989, linashangaza zaidi. Elektroni zilipitishwa moja moja kando ya kizuizi chembamba kuelekea kwenye skrini, na kila moja ikaacha doa moja tu, mahali pasipotabirika. Lakini madoa yalipofika maelfu, yalijipanga katika mistari ya mwanga na giza, kama inavyotokea mawimbi mawili yanapokutana. Elektroni hazikuwa zikisukumana, kwa kuwa iliyotangulia ilikuwa imekwisha kufika. Ni wimbi la kila moja lililopita pande zote mbili za kizuizi na kukutana lenyewe kwa lenyewe.

Wimbi hilo hutueleza uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Katika atomu ya hidrojeni iliyotulia, yaani yenye nishati ya chini kabisa, umbali wenye uwezekano mkubwa zaidi kutoka kwenye kiini ni takriban nanomita 0.053, lakini uwezekano huo umesambaa sawasawa pande zote, na kipimo cha mzunguko wa elektroni hiyo kukizunguka kiini ni sifuri.