Nyota mgeni haiandikwi bila mwenyeji wake

Tangu habari za nyota T Coronae Borealis zianze kuzunguka mitandaoni mwaka 2024, na zaidi baada ya kituo cha darubini cha Vera C. Rubin kule Chile kutoa picha zake za kwanza Juni 2025, dawati letu la elimu kwa umma linapokea ujumbe wa watu wanaosema wameona supanova, yaani mlipuko unaoiua nyota. Tunawashukuru wote. Fani hii imejengwa kwa sehemu kubwa na watu wasiolipwa hata senti, wanaokesha nje na darubini zao wakati majirani wamelala. Lakini pamoja na shukrani hizo tumepokea pia malalamiko: taarifa yangu imepuuzwa, ugunduzi wangu kapewa Mjapani, nilichokiona kimeandikwa AT (kitu kipya ambacho bado hakijathibitishwa) badala ya SN (supanova iliyothibitishwa), hivyo nimenyimwa haki. Makala hii inajibu hayo. Haichukui nafasi ya maelekezo rasmi ya usajili, ambayo hubadilika mara kwa mara na lazima yasomwe na kila anayetuma taarifa.

T Coronae Borealis ni nova, si supanova. Ililipuka mwaka 1866, ikalipuka tena 1946, na inatazamiwa kulipuka tena kwa sababu mlipuko wa namna ile hauiui nyota. Imo ndani ya Njia ya Maziwa na haitaingia katika katalogi za supanova nitakazozitaja hapa chini. Betelgeuse nayo ilififia kati ya mwisho wa 2019 na Februari 2020 kwa sababu ya vumbi lililotoka kwake yenyewe. Haikulipuka. Na ile nyota kali inayowaka upande wa magharibi jua likishazama, mara nyingi ni Zuhura. Hili tumelieleza redioni, shuleni na kwenye mabango, na bado ndilo linalojaza simu zetu. Tunaomba kila mtu afungue ramani ya anga kwenye simu yake kabla ya kutuandikia.

Supanova ya mwisho iliyothibitika kuonekana kwa macho ndani ya galaksi yetu ni ya mwaka 1604. Hata SN 1987A, iliyoonekana bila darubini, ilikuwa katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani. Kwa hiyo kila supanova inayoandikwa siku hizi ina galaksi yake, na hapo ndipo penye kazi. Wachina waliouona mlipuko wa mwaka 1054 waliuita nyota mgeni. Sisi tumezoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa supanova ni kweli tupu: mwanga wake hutuambia galaksi ile iko mbali kiasi gani, na galaksi nayo hutuambia nyota iliyokufa ilikuwa ya namna gani. Nyota nzito huishi miaka milioni chache hadi makumi ya milioni tu na hufa karibu na ilipozaliwa. Ndiyo maana supanova za Aina ya II huonekana kwenye mikono ya galaksi zinazoendelea kuzaa nyota, wakati zile za Aina ya Ia, za nyota kibete nyeupe, hutokea popote, hata katika galaksi kongwe zilizokoma kuzaa. Taarifa ya supanova isiyotaja mwenyeji, yaani galaksi yake, ni nusu taarifa.

Kwa miaka mingi orodha zetu zilikuwa na kasoro ambayo wengi hawakuitilia maanani. Wawindaji wa supanova walizitazama galaksi walizozijua. Mchungaji Robert Evans wa Australia, aliyegundua supanova 42 kwa jicho lake kwenye darubini, alikuwa ameziweka galaksi kichwani moja moja, kiasi kwamba nukta mpya ikijitokeza aliiona papo hapo. Ni kipaji cha kustaajabisha, na ninamheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini mtu wa namna hiyo, na hata darubini za roboti zilizomfuata, huchagua galaksi kubwa, zenye mng'ao, zenye nyota nyingi za kufa. Galaksi ndogo hafifu hazitembelewi. Mwisho wa mwaka ukihesabu, unaona supanova nyingi katika galaksi kubwa, unasema huko ndiko zinakotokea. Kumbe huko ndiko ulikotazama.

Mradi wa kuwinda supanova wa ASAS-SN, unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, uliamua kutochagua. Ulianza na kituo kimoja Haleakalā, Hawaii, mwaka 2013, ukaongeza Chile, na mwaka 2017 ukaongeza vituo Texas, Chile tena, na Sutherland katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini. Kila kituo kina darubini 4, na kila darubini ni lenzi ya kamera ya milimita 400 yenye upana wa sentimita 14, jamii ya zile lenzi ndefu unazoziona pembeni mwa uwanja wa mpira. Kwa darubini hizo 20 anga lote linaloonekana usiku hupigwa picha karibu kila usiku. Hakuna anayeuliza galaksi ipi ni nzuri. Picha ya leo inatolewa picha ya zamani, na kinachobaki ndicho kipya.

Matokeo yake yameandikwa katika mfululizo wa katalogi za supanova angavu, na ile ya tano, ya miaka 2018 hadi 2020, ndiyo ninayoitumia zaidi kufundishia. Ndani yake mna supanova 443 zilizogunduliwa na ASAS-SN yenyewe, 519 zilizogunduliwa na wengine kwanza lakini zikaonekana pia kwenye picha zake, na 516 ambazo mradi ulizikosa. Naomba msomaji asimame kwenye namba hiyo ya tatu. Watu hawa wameorodhesha waziwazi walichokikosa, kimoja kimoja, pamoja na galaksi yake, kwa sababu bila hivyo huwezi kujua wavu wako una matundu ya ukubwa gani. Ndipo waliweza kusema kwamba kwa supanova zinazofikia kipimo cha mng'ao 17 au angavu zaidi (namba ikipungua, mng'ao huongezeka), wanazipata asilimia 90, na kwamba kwa mfumo wao wa awali walizipata asilimia 70 tu.

Kila supanova imeandikiwa mwenyeji wake, mng'ao wa mwenyeji huyo kuanzia mwanga wa urujuanimno uliopimwa na setilaiti ya GALEX hadi infraredi ya setilaiti ya WISE, na umbali wa mlipuko kutoka kitovu cha galaksi. Safu hii ya mwisho ndiyo iliyotufumbua macho. Supanova za ASAS-SN zilikuwa karibu zaidi na vitovu kuliko zilizogunduliwa na wasio wataalamu, na hata na wataalamu wengine. Kitovu ni mahali penye mwanga mkali, picha huungua pale, na miradi mingi ilikuwa ikipaacha kwa kuogopa kudanganywa na mashimo meusi yanayomeza gesi. Tulikuwa tunaukosa mlipuko uliokuwa katikati kabisa ya picha.

Mfano wa kwa nini kitovu kina uzito ni ASASSN-15lh, kilichoonekana Juni 2015. Kiliwaka kwa nguvu ya jua zaidi ya bilioni 500 na kikatangazwa kuwa supanova kali kuliko zote zilizowahi kuandikwa. Kisha watu wakaikagua galaksi yake. Ilikuwa kubwa, nyekundu, isiyozaa nyota, na mwanga ulitoka kitovuni hasa. Supanova kali za kundi hilo kwa kawaida hukaa katika galaksi ndogo zinazozaa nyota kwa wingi. Kundi jingine la wanasayansi likaja na hoja kwamba ile ilikuwa nyota iliyoraruliwa na shimo jeusi. Mjadala ule ulianzishwa na mwenyeji, si na mgeni.

Kosa jingine ambalo wanafunzi wangu hulirudia kila mwaka: wanachukua katalogi hizi, wanaona sehemu kubwa ni Aina ya Ia, wanaandika kwamba ndiyo aina inayotokea zaidi ulimwenguni. Sivyo. Aina ya Ia ni angavu, inaonekana kutoka mbali, kwa hiyo inajaza orodha yoyote iliyopangwa kwa kikomo cha mng'ao. Ukichukua sehemu moja ya ulimwengu na kuhesabu kila kilicholipuka humo, Ia ni takriban robo tu.

Sasa utaratibu. Tangu tarehe 1 Januari 2016, majina ya supanova hutolewa kupitia Transient Name Server, yaani TNS, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia. Dawati letu halitoi majina na halithibitishi ugunduzi kwa simu. Mwombaji hufungua akaunti, kisha hujaza viwianishi viwili vya angani, RA na Dec, tarehe na saa ya ugunduzi, mng'ao, kichujio na kifaa kilichotumika, majina ya wanaoripoti, na mara ya mwisho mahali pale palipopigwa picha pakawa patupu, pamoja na kikomo cha mng'ao cha picha hiyo. Kipengele hiki cha mwisho watu hukiacha wazi wakidhani si lazima. Bila hicho hakuna ushahidi kwamba kitu ni kipya.

Taarifa ikipokelewa, kitu hupewa AT, mwaka na herufi. AT si tusi wala adhabu. Maana yake ni kwamba mwanga wake haujapasuliwa kwa spektrografu, kifaa kinachotenganisha mwanga kwa rangi zake na kutoa spektra. Spektra ikipatikana, ikawekwa kwa ripoti ya pili tofauti na ile ya kwanza, na ikaonyesha supanova, AT hubadilika kuwa SN na herufi hubaki zile zile. Vitu vingi havipati spektra kamwe, kwa sababu darubini zenye uwezo huo ni chache na muda wake hugawanywa kwa maombi. Mgunduzi anayetambuliwa ni aliyetuma kwanza. Wanaofuata huunganishwa kwenye kitu kilekile. SN 2023ixf katika galaksi ya M101 ina jina la Koichi Itagaki wa Japani kwa sababu aliripoti tarehe 19 Mei 2023, na watu wengine walipopitia picha zao waliikuta wakiwa wameipiga kabla yake. Picha iliyolala kwenye kompyuta si ugunduzi.

Wanaotuma kwa programu wasome hili kwa makini. Majaribio yote hufanywa kwenye seva ya majaribio, si kwenye seva halisi. Programu lazima ijitambulishe kwa alama ya akaunti yake katika kila ombi, na isiyojitambulisha hukataliwa mlangoni. Maombi yakizidi kiwango kilichowekwa, seva huacha kujibu hadi muda upite. Hakuna faini ya fedha. Lakini supanova inayopanda mng'ao haitakusubiri ufunguliwe, na mwingine atatangulia.

Saa ndiyo inayoharibu taarifa nyingi kutoka kwetu. TNS inatumia UT, yaani saa ya kimataifa. Saa 3 usiku ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni 21:00 kwa saa ya Afrika Mashariki, na 18:00 kwa UT, yaani 0.75 ya siku. Hapo tarehe haibadiliki. Lakini saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 15 ni 02:00 ya tarehe 15, na kwa UT ni 23:00 ya tarehe 14. Aliyeko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi anaondoa saa 2, aliyeko Muscat anaondoa 4. Kijana mmoja alituletea picha safi kabisa, kazi ya mtu makini, ikiwa na saa 8:20 bila kusema ya usiku wala ya wapi. Tulitumia siku 2 kumtafuta tuelewane.

Kabla ya kutuma, piga picha ya pili angalau nusu saa baada ya ya kwanza. Kikisogea ni kiasteroidi au setilaiti. Kisha kagua orodha ya viasteroidi ya Minor Planet Center na orodha ya nyota zinazobadilika mng'ao ya AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota hizo, linganisha na picha za zamani za eneo lile, na utafute TNS kama hakijaandikwa. Baada ya hapo tafuta mwenyeji. Usichukue galaksi kubwa iliyo jirani kwa sababu tu ina jina. Nukta inaweza kuwa juu ya galaksi kibete ambayo kamera yako haiioni, au galaksi iliyo nyuma mbali sana, na mwenye kuamua ni ulinganisho wa spektra ya mlipuko na ya galaksi. Hata katalogi ya tano imesahihisha wenyeji walioandikwa katika zile za mwanzo.

Mradi wenyewe unategemea watu wa namna hii. Pikseli moja ya ASAS-SN inafunika karibu sekunde 8 za tao (kipimo cha pembe angani), kwa hiyo picha yake peke yake haiwezi kusema mlipuko uko mkononi au kitovuni mwa galaksi. Wenye darubini za nyuma ya nyumba, zenye picha kali zaidi, ndio waliothibitisha nyingi za supanova zile na kupima mahali pake. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tunaliona Wingu Kubwa la Magellan kusini na M101 kaskazini, nafasi ambayo Ulaya na sehemu kubwa ya Australia kila moja inapata nusu yake.

Anayetaka tuikague picha kabla ya kuituma TNS atuletee faili halisi la FITS (muundo wa faili za picha za astronomia) kwa barua pepe. Picha iliyopitia WhatsApp imebanwa, vipimo vyake vimepotea, na hatutaifanyia kazi. Aandike mahali alipokuwa, saa kwa UT, na mwenyeji anayemdhania, hata kama hana uhakika. Kama mlipuko uko kitovuni kabisa mwa galaksi, asiufute kwa kudhani ni kasoro ya kamera. Hiyo tunaomba tuione usiku huohuo.