Maana ya garbhagriha, chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Kihindu

Garbhagriha ni chumba anamokaa mungu wa hekalu, kwa umbo la sanamu au la lingamu, ile nguzo fupi ya mawe ya mungu Shiva. Neno lenyewe ni la Kisanskriti: garbha ni tumbo la uzazi au mimba iliyomo, griha ni nyumba. Nyumba ya mimba, basi. Msomaji wa Biblia atakumbuka patakatifu pa patakatifu, na hajakosea sana, kwa kuwa hapa pia kwa kawaida anayeingia ni kuhani tu. Ila usikifananishe na mihrabu. Mihrabu huonyesha upande wa kuelekea, ndani hamna kitu. Garbhagriha ina mwenyewe.

Wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wamelisikia neno hili bila kujua. Garba, ngoma ya duara wanayocheza Wagujarati usiku wa sikukuu ya Navaratri, imetokana na garbha hiyo hiyo. Katikati ya duara huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake taa inawaka: tumbo lenye uhai.

Chumba chenyewe hakina makuu. Ni mraba, mara nyingi hakizidi mita mbili tatu kila upande, mlango mmoja, kuta nene, dirisha hakuna, nakshi chache au hakuna kabisa. Uzuri wote uko nje. Mgeni aliyetoka kutazama wacheza ngoma wa mawe, simba na maua ya yungiyungi ukutani hufika mlangoni akakuta giza, akadhani amepotea njia. Hajapotea. Tumbo la mama ni la giza, na hekalu limejengwa ili mtu atoke kwenye jua na rangi, apite kumbi zinazozidi kuwa na kivuli, mwisho abaki na kitu kimoja tu cha kutazama.

Mimba hiyo ilitiwa kweli, si kwa jina tu. Vitabu vya usanifu vya zamani, Mayamata kikiwemo, vinaeleza ibada iitwayo garbhanyasa. Hutengenezwa kisanduku cha shaba chenye vyumba 9 au 25, kisha humo hutiwa nafaka, vito, vipande vya madini, mizizi ya yungiyungi na udongo wa sehemu mbalimbali: wa mlimani, wa mtoni, wa kichuguu, hata wa shimo la kaa. Usiku kisanduku hufukiwa kwenye msingi au ukuta karibu na mlango. Kuanzia hapo jengo linahesabiwa kuwa limepata mbegu, na kila kinachojengwa juu yake ni mwili unaokua.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni hekalu la Brihadisvara, mjini Thanjavur, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Alilijenga mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, likakamilika mwaka 1010, na kwenye maandishi yaliyochongwa kutani linaitwa Rajarajesvaram, kwa jina lake mwenyewe. Limejengwa kwa granaiti, na hapo ndipo pa kushangaa: Thanjavur iko kwenye delta ya mto Kaveri, nchi ya mpunga na tope, miamba hakuna. Kila jiwe lilitoka mbali.

Juu ya garbhagriha ya Thanjavur umesimama mnara wa ghorofa 13, kama mita 60 kwenda juu. Mnara huo unaitwa vimana. Wengi hukosea wakauita gopuramu. Gopuramu ni mnara wa lango, vimana ni mnara wa chumba cha mungu. Kwa Wachola wa wakati wa Rajaraja, vimana ndiyo iliyotawala na malango yalikuwa mafupi. Karne zilizofuata mambo yakageuka: ukienda Madurai, mji mwingine wa Tamil Nadu, gopuramu zinazidi mita 45, na vimana huioni mpaka uingie ndani. Kwa hiyo ukitazama picha ya hekalu la kusini usiulize mnara upi ni mrefu; uliza chini yake kuna mlango wa kupita au kuna mungu.

Vimana ya Thanjavur ni tupu ndani. Mawe yamepangwa safu juu ya safu, kila safu ikichomoza ndani kidogo kuliko ya chini yake, mpaka pande nne zikakaribiana juu. Yanashikwa na uzito wake. Ndiyo sababu kuta za chini ni mbili, na katikati yake mna ujia wa kuzunguka: ukuta mmoja mnene ungekula mawe mengi bila faida, kumbe mbili zinagawana mzigo na zinaacha njia ya ibada. Kuhusu jiwe la kileleni utaambiwa kwamba ni moja, tani 80, na kwamba kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Kilele kimeungwa kwa vipande, na kivuli kinaanguka kama cha mnara wowote. Nenda jioni ukakione.

Ndani ya garbhagriha hiyo mna lingamu inayozidi mita 3.5, kubwa mno kwa desturi za hekalu. Kuiogesha ni kazi ya kupanda juu.

Kuogesha huko, abhisheka, ndiko shughuli kubwa ya chumba hiki. Maji, maziwa, mtindi, asali, maji ya dafu na sandali iliyosagwa, kitu kilekile ambacho mwambao wetu unakiita liwa, humwagwa kimoja baada ya kingine, na kati yake maji safi. Kisha mungu huvikwa nguo na maua, pazia hufunguliwa, na kuhani huzungusha taa mbele yake. Katika giza lile, mwali unaopita usoni ndio unaomwonyesha. Tendo la kutazama huitwa darshani, nalo lina pande mbili: unamwona naye anakuona. Ukiwasha taa ya umeme kali chumbani umeharibu jambo zima, na mahekalu kadhaa yamefanya hivyo. Kafuri, karafuumaiti tunayoijua sisi kwenye kuosha maiti, hupendwa kwa taa ya mwisho kwa kuwa huungua bila kuacha majivu. Masizi lakini inaacha.

Taa za kila siku zilihitaji mpango, na Rajaraja aliuandika ukutani. Aliyetaka taa moja iwake daima alitoa kondoo jike 96, au ng'ombe 48, au nyati wa kufugwa 16. Mchungaji alikabidhiwa wanyama, naye akawajibika kuleta samli kipimo kimoja kila siku. Maandishi ya Kitamil huwaita kondoo hao wasiokufa wala kuzeeka: anayekufa anafidiwa na wanaozaliwa, kundi linabaki 96.

Kinachomwagwa lazima kitoke. Sakafu ina mteremko, na ukutani kuna mfereji wa jiwe uitwao pranala, kwa kawaida upande wa kaskazini. Hekalu la Shiva lina adabu yake hapo: wengi hawauvuki mfereji huo, wanazunguka mpaka karibu yake, wanageuka na kurudi walikotoka. Mgeni akijiendea tu na mzunguko wake kamili atashangaa kwa nini watu wote wanamjia usoni.

Adui wa chumba ni maji hayohayo. Sanamu haikusimama hivi hivi. Imegandishwa kwenye kitako chake kwa gundi iitwayo ashtabandhana, yaani kifungo cha vitu vinane: lakiri, unga wa chokaa, utomvu mkavu wa kufukiza, jiwe la ngeu, pamba nyekundu, zinjifuri, nta ya nyuki na siagi ya nyati. Vyote hutwangwa pamoja mpaka viwe donge linalovutika, likasukumwa kwenye upenyo lingali la moto. Likikauka huwa gumu kama jiwe. Baada ya miaka linapasuka, maziwa na maji yanapenya chini ya kitako, panaoza, wadudu wanaingia, na mwisho sanamu inaanza kutikisika. Desturi ni kulibadilisha kila miaka 12 hivi, na ukarabati mzima wa hekalu hupangwa kuifuata ratiba hiyo.

Kazi ikianza, mungu hawezi kukaa kwenye vumbi. Nguvu yake huhamishiwa kwenye chungu cha maji, ibada zinaendelea kwenye chumba cha muda, na garbhagriha hufungwa. Ikimalizika, vyungu hukaa siku kadhaa kwenye banda la moto wa dhabihu, kisha makuhani huvipandisha kileleni na kumwaga maji juu ya kilele cha shaba, ndipo wakashuka kumwagia sanamu. Sherehe hiyo ni kumbhabhisheka. Hatari iko kwenye banda: makuti makavu, moto wa wazi, umati wa watu. Juni 1997 banda la Thanjavur liliwaka moto, na zaidi ya watu 40 walikufa. Kumbhabhisheka iliyofuata ilifanyika tarehe 5 Februari 2020, miaka 23 baadaye, baada ya mabishano ya mahakamani kama mantra, maneno matakatifu ya ibada, zisomwe kwa Kitamil au Kisanskriti. Zilisomwa kwa lugha zote mbili.

Ule ujia kati ya kuta mbili haufunguliwi kwa kila mtu. Mwaka 1931 mtafiti S. K. Govindaswami aligundua humo kwamba chini ya picha za enzi ya Wanayaka, watawala wa baadaye, karne ya 17, kuna nyingine za Wachola zilizofunikwa. Wahifadhi walilibandua tabaka la juu, wakalitandaza kwenye mbao za nyuzi za kioo, na la chini likaachwa ukutani. Ghorofa ya pili ya ujia ina mawe yaliyoandaliwa kwa mikao 108 ya ngoma, Shiva mwenyewe akiwa mchezaji. Iliyochongwa ni 81. Mawe 27 ya mwisho yamelainishwa, yamepangwa mahali pake, na yako matupu hadi leo.